Tangi la AG 100 limeliwa na kutu ndani: asidi ya batri hapana

Swali: Jambo Papa Fundi. Baba yangu alikuwa muuguzi kule Walungu, na alipofariki alituachia Yamaha AG 100 yake. Imelala miaka 6 kwenye depo bila kuguswa. Juzi nimeileta hapa Kadutu, Bukavu, nikafungua kifuniko cha tangi na kumulika: ndani kote nyekundu, na chini kuna uchafu kama majani ya chai. Fundi wa jirani anasema nimimine asidi ya batri na mchanga, nitikise, kesho yake tangi jipya. Shemeji anasema nitupe, ninunue lingine la Kichina. Sina kompresa, umeme hapa unakatika kila mara, na pesa ni kidogo. Tena nilitaka kulipaka rangi upya, maana ile ya zamani imechakaa, maandishi ya baba ya "Mungu Akipenda" yanasomeka kwa shida. Nianzie wapi?

Jibu: Mdogo wangu, pole kwa msiba wa mzee, hata kama siku zimepita. Pikipiki ya muuguzi wa Walungu imebeba dawa na wagonjwa katika njia ambazo gari haliingii. Nataka irudi barabarani na tangi lake lenyewe, na kwa ulivyonieleza naona inawezekana.

Asidi ya batri usiitie. Kama jirani ameshakuletea chupa, mrudishie leo. Simdharau. Mimi mwenyewe nilifundishwa njia hiyohiyo nilipokuwa najifunza kazi, na nilimwona bosi wangu akiitumia mara nyingi. Tangi lilitoka linang'aa, mteja alifurahi, alilipa, aliondoka. Kisha mmoja akarudi baada ya wiki 3, anaisukuma pikipiki kutoka Panzi, esansi (petroli) inachuruzika kwenye mshono wa chini na kudondokea injini ya moto. Haikuwaka, namshukuru Mungu mpaka leo. Tulipolikata lile tangi ndipo nilipoelewa tulichokuwa tunawafanyia watu: kando ya mshono bati lilikuwa limebaki jembamba kama karatasi ya daftari.

Asidi ya batri ni asidi ya salfa, na yenyewe haichagui. Ikimaliza kutu inaendelea na chuma kizima, na kila inapokila chuma inatoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche ndogo tu inatosha kuilipua. Bati la tangi la pikipiki lina unene wa kama milimita 1, mara nyingi pungufu. Na tangi si kipande kimoja: ni mabati yaliyopandishwa kingo na kuunganishwa kwa moto. Asidi inapenya katikati ya zile kingo, mahali ambapo maji yako ya kusuuza hayafiki, na inabaki huko inakula wiki baada ya wiki wakati wewe umeshasahau. Asidi ile ya kusafishia vyoo na vigae ni hivyohivyo, tena ina haraka zaidi. Mchanga nao unajificha kwenye kona, halafu siku uko katikati ya mlima unashuka kwenye robine (bomba la kufungulia esansi) na kuingia kabureta. Kuna wanaotumia changarawe za volkeno kutoka Goma kwa sababu ni kali. Kweli ni kali, lakini zinamung'unyuka, na unga wake unabaki ndani.

Shemeji naye msikilize, lakini usitupe bado. Tangi lililotengenezwa kwa fremu nyingine halikai kwenye AG mpaka ukate na kulehemu, na gharama yake inazidi kazi yote nitakayokueleza hapa.

Uelewe kwanza kutu hiyo ilitoka wapi, maana usipoelewa utaisafisha mwaka huu na mwakani itakuwa imerudi. Esansi yenyewe haileti kutu. Kinacholeta ni maji pamoja na hewa. Tangi ambalo halikujaa linapumua: mchana joto linaipanua hewa na kuisukuma nje kupitia tundu la kifuniko, usiku baridi inaivuta hewa nyingine iingie, na hapa kwetu kando ya ziwa, kuanzia Septemba mpaka Mei, hewa hiyo imejaa unyevu. Unyevu unaganda kwenye dari ya tangi kama jasho, unakuwa matone, unateremka. Lita ya esansi ina uzito wa kama gramu 750 na lita ya maji ni gramu 1,000, kwa hiyo maji yanapita chini ya esansi na kutulia kwenye kona ya mwisho kabisa. Zidisha usiku mmoja kwa miaka 6.

AG ina jambo lake la ziada. Ni injini ya stroki 2, lakini oili yake iko kwenye tangi dogo la pembeni na pampu ndiyo inayoipeleka kwenye injini. Zile pikipiki za zamani ambazo mtu alichanganya oili na esansi kwa mkono, utando wa oili ulibaki kwenye bati na kulilinda. Kwenye AG esansi inakaa peke yake bila oili, na ikikauka inaliacha bati uchi.

Kwa hiyo kutu kubwa utaikuta sehemu mbili: darini, na kwenye zile kona za chini. Tangi linapanda juu ya fremu kama mtu aliyepanda pikipiki, mguu huku, mguu kule. Kwenye matangi mengi robine iko kwenye mguu mmoja tu. Ule mguu mwingine hautoi kitu, na maji yakiingia humo yanakaa. Huko ndiko uangalie kwanza.

Sasa kabla hujanunua chochote, pima kama tangi bado lina mwili. Litoe kwenye pikipiki, mimina esansi ya zamani kwenye bidoni (usiitie tena kwenye injini yoyote, hata ukiichanganya na mpya), kisha ligeuze na utazame tumbo lake. Rangi iliyovimba malengelenge kwa chini inamaanisha kutu imetoboa kutoka ndani na inakaribia kutokea nje. Bonyeza kwa kidole gumba, kisha kwa ncha butu ya bisibisi, polepole, hasa kandokando ya mshono. Likibonyea kama bati la sardini, au bisibisi ikipenya sehemu nyingi, hapo shemeji ameshinda, na utafute tangi la AG lililotumika. Misheni na mashirika mengi ya huku yamezitumia AG kwa miaka, vipuri vyake vinapatikana kwa mwenye subira. Likiwa gumu, lioshe kwa maji, ziba tundu la robine, lijaze maji mpaka juu na ulilaze juu ya katoni kavu usiku mzima. Asubuhi katoni itakuambia. Tundu moja au mawili madogo kama sindano si kifo: fundi anayeziba radieta kwa lehemu ya risasi ataliziba, lakini baada ya kutu kutoka, si kabla, kwa sababu lehemu haishiki juu ya kutu.

Hapo nisimame kidogo, maana watu wameungua kwa jambo hili. Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Esansi yenyewe ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake, na mvuke huo unalipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 hivi na 7.6 ya hewa. Ndani ya tangi ulilomwaga sasa hivi mchanganyiko huo unaweza kuwepo tayari, unangoja cheche tu. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unateremka ngazi na kuingia kwa jirani. Ninyi wa Kadutu nyumba zimebebana. Kwa hiyo fanya kazi hii mahali pa wazi, asubuhi, kabla akina mama hawajawasha mbabula (majiko ya mkaa), na watoto wakae mbali. Usimulike ndani kwa kibiriti, hata kama umeona mafundi wakifanya hivyo. Na hakuna mtu wa kulehemu au kutia moto kwenye tangi hilo mpaka lioshwe kwa maji moto na sabuni mara 3 au zaidi, na hata hapo fundi alijaze maji mpaka karibu na tundu analoziba, ili mvuke usiwe na nafasi.

Baada ya esansi kutoka, utagusa ndani kwa kidole na kukuta kitu kinachonata, rangi ya sukari iliyoungua. Hiyo ni gundi inayobaki esansi inapokauka. Watu wengi wanairuka, halafu wanalalamika kwamba dawa haikufanya kazi. Asidi yoyote, kali au pole, haipiti kwenye gundi hiyo kuifikia kutu. Itoe kwanza kwa diluani ya rangi au asetoni, nusu lita inatosha: zungusha, iache saa 1, igeuze upande mwingine, mwaga kwenye chombo. Kisha osha kwa maji moto na sabuni ya unga, mara 2, mara 3, mpaka maji yanayotoka yasiwe na michirizi ya mafuta juu. Maji ya majivu yaliyochujwa nayo yanakata mafuta vizuri, mama zetu walijua hilo kabla ya sabuni ya pakiti.

Kutu nene, ile ya magamba uliyoifananisha na majani ya chai, inahitaji kugongwa kabla ya dawa. Badala ya mchanga, chukua nati na boliti ndogo, za ukubwa mchanganyiko, au kipande cha mnyororo wa zamani. Zihesabu. Andika idadi kwenye karatasi au kwenye simu, kwa sababu ile moja inayobaki ndani ndiyo itakayoziba robine. Tia na maji kidogo ya sabuni, funga tangi ndani ya blanketi la zamani ili rangi isikwaruzwe, na utikise. Dakika 15 kila upande, kichwa chini, ubavu, tumbo. Ni kazi ya mikono, itakuchosha, mwombe mdogo wako akupokee. Mwaga, uone tope jekundu linalotoka, rudia mpaka magamba yaishe. Hesabu tena zilizotoka. Usitafute chuma kinachong'aa katika hatua hii. Unaondoa tu yale mazito ili dawa isipoteze nguvu juu yake.

Dawa yenyewe sasa. Ninayoipenda kuliko zote ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu unaotumiwa na wanaotengeneza juisi na bombo (peremende). Ni asidi pole: inayeyusha kutu haraka kuliko inavyokula chuma, na ikikumwagikia mkononi unanawa tu, ingawa macho uyalinde. Pima tangi lako kwanza kwa chupa ya maji ya lita 1.5 ili ujue linachukua lita ngapi. Kisha weka gramu 80 za unga kwa kila lita. Kwa tangi la lita 10 hiyo ni gramu 800. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, kamwe si kwenye sufuria ya aluminiamu, asidi itaila. Maji yawe moto wa kuuma mkono, digrii 50 au 60, yasichemke, kwa sababu yanayochemka yanaweza kuharibu rangi ya nje. Joto linaharakisha kazi sana.

Kabla ya kumimina, robine na kifuniko viwe vimetoka. Vyote viwili vina metali laini ambazo asidi inazishambulia. Tundu la robine lizibe kwa kibati kilichokatwa kwenye kopo pamoja na kipande cha mpira wa ndani wa tairi, kaza kwa boliti zilezile. Mdomo wa juu ufunike kwa plastiki na kamba, usikaze: gesi kidogo itatoka na lazima ipate njia. Rangi ya nje ipake grisi kuzunguka mdomo na uifunge nailoni, tone moja likikaa juu ya rangi linaacha doa. Jaza mpaka ukingoni kabisa, kwa sababu dari ndiyo iliyooza na maji yasipoifikia hayaisafishi. Ikishindikana kufikia kona fulani, ligeuzegeuze tangi kila baada ya saa chache ili kila kona ipate zamu yake chini.

Usipopata unga huo, au ukiona bei yake imepanda, kuna limau. Juisi ya limau ina kama asilimia 5 hadi 6 ya asidi hiyohiyo, yaani gramu 50 na kitu kwa lita, si mbali na mchanganyiko wangu. Lita 1 inataka kama limau 25 hadi 30, kwa hiyo kujaza tangi zima ni gunia. Lakini kwa tangi lenye kutu upande mmoja tu unaweza kutumia lita 2 na kulilaza upande huo. Ichuje kwa kitambaa, nyama ya tunda isiingie. Siki nyeupe ya asilimia 5 nayo inafaa, itumie bila kuongeza maji, ila inachukua siku 2 au 3. Na kama una ndugu upande wa Kiliba, kwenye miwa ya uwanda wa Ruzizi, ile molasi nyeusi inayobaki baada ya sukari inafanya kazi ya ajabu: sehemu 1 ya molasi kwa sehemu 9 za maji, wiki 2. Inanuka, inatoa povu, lakini haigusi chuma kizima hata kidogo cha kukutia wasiwasi. Njia ya umeme, yaani elektrolisisi, ni nzuri mikononi mwa mwenye umeme usiokatika siku nzima na anayejua kuuzuia waya usiguse bati. Kwako hapana.

Kwa unga wa sitriki na maji moto, chungulia baada ya saa 6. Tumia taa ya simu, au washa kamera ya video na kuizungusha mdomoni mwa tangi, utaona kona ambazo jicho halifiki. Maji yatakuwa yamegeuka manjano, kisha kijani cheusi. Bati unalolitaka lina rangi ya kijivu iliyofifia, si ya kung'aa. Kwa kawaida nalala nalo usiku mmoja, kati ya saa 12 na 24. Kama bado kuna madoa ya kahawia baada ya siku nzima, mwaga na uweke dawa mpya badala ya kuiacha ileile siku 4. Dawa iliyochoka haitoi kutu tena, lakini chuma inaendelea kukigusa.

Mpaka hapo mtu yeyote mwenye subira anafika. Matangi yanaharibikia katika saa 1 inayofuata, na ningependa uisome sehemu hii mara mbili.

Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi kabisa. Ukimwaga dawa, ukasuuza kwa maji ya bomba na kuliacha tangi juani "likauke", utarudi baada ya nusu saa ukute ni la rangi ya chungwa ndani kote. Nimewaona vijana wakilia kwa hilo. Kwa hiyo usianze kumwaga kabla vyote havijakaa mezani: bikabonati ile ya mandazi, maji moto, njia ya kukaushia, na oili ya stroki 2. Anza saa 4 asubuhi siku ya jua, si jioni.

Mwaga dawa. Papo hapo jaza maji yenye bikabonati, vijiko 2 vya mezani kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki, hasa kwenye mishono. Itatoa povu, acha mdomo wazi. Tikisa, ngoja dakika 10, mwaga. Suuza kwa maji moto kabisa kadiri rangi inavyoweza kuvumilia, maana bati lililopata joto linajikausha lenyewe kutoka ndani. Kisha kausha mara moja. Hapo una njia mbili, na usizichanganye. Ya kwanza ni seshwari ya saluni ya nywele: mwombe dada mwenye saluni, ielekeze kwenye mdomo wa tangi huku tundu la robine likiwa wazi ili hewa ipite, dakika 20 hadi 30. Njia hii ni kwa tangi lililooshwa sawasawa kama nilivyosema, lisilonuka esansi hata kidogo. Ya pili, umeme ukiwa umeondoka, ni alkoli ya farmasi ya digrii 90 au 95: nusu lita, zungusha pande zote, inabeba maji yaliyobaki, mwaga, liache juani mdomo ukiwa chini. Aliyetumia alkoli asilete seshwari, kwa sababu mvuke wa alkoli nao unawaka.

Likishakauka, usiende kula kwanza. Chukua mililita 200 za oili ya stroki 2 na nusu lita ya esansi safi, mimina, geuza tangi kila upande mpaka kila kona ilowe, darini pia. Huo ndio utando ambao AG haikupewa. Ukiona wekundu mwembamba kama vumbi umetangulia kutokea kabla ya oili, usikate tamaa: rudisha sitriki dakika 15, bikabonati, maji moto, kausha, safari hii kwa haraka zaidi.

Utakutana na watu wa kukuuzia rangi ya kupaka ndani ya tangi, ile ya kuchanganya vikopo viwili. Kwa tangi ambalo halivuji, mimi siishauri. Ikipakwa juu ya unyevu kidogo au mafuta kidogo, inabanduka baada ya miezi na kugeuka ngozi inayoelea, inaziba robine, na kuitoa ni kazi mara tatu ya kutoa kutu. Nimefungua matangi ya namna hiyo na sikupata njia ya kuyaokoa. Kwa tangi lenye vitundu vingi vidogo ambalo huna pa kupata lingine, sawa, hiyo ni tiba ya mwisho.

Maji machafu usiyamwage kwenye mtaro. Mitaro yetu mingi inateremka ziwani, na kuna watu wanaochota huko. Dawa iliyokwisha uliyoiua kwa bikabonati ichimbie shimo mbali na kisima au chemchemi. Diluani na esansi ya zamani weka kwenye bidoni iliyofungwa na umpe fundi anayeoshea vyuma vyenye grisi.

Kurudisha ni haraka. Robine ifungue, ina kichujio cha wavu kinachoingia ndani ya tangi. Kikiwa kimechanika badilisha, pamoja na mpira wake. Weka chujio dogo la kuonekana kati ya robine na kabureta, na ulibadilishe kila unapojaza tangi, kwa mara 3 za mwanzo, kwa sababu vumbi la mwisho lazima litoke. Kabureta yenyewe ifungue kabla ya kupiga kiki: esansi iliyokauka kwenye bakuli lake imeacha gundi ileile. Angalia pia pampu na tangi la oili la pembeni, oili ya miaka 6 imwage. Usipoiamini pampu bado, kwa tangi la kwanza changanya mililita 20 za oili kwa kila lita ya esansi. Itatoa moshi, majirani watavumilia siku mbili tatu.

Kifuniko ndicho watu wanakisahau. Kina tundu dogo la kupumulia. Likiziba, pikipiki inazima ukiwa unapanda mlima, unasimama, unafungua kifuniko, inawaka tena, na watu wanakuambia una jini. Pitisha sindano. Mpira wake ukiwa umekauka, mvua ya Bukavu inaingia moja kwa moja, na kazi yako yote inaanza upya. Mpira mpya unaweza kukatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi kwa muda, lakini esansi inaulainisha, tafuta wa kweli.

Baada ya hapo tangi linataka kujazwa. Najua tabia yetu, kununua lita moja, lita moja na nusu kwa vijana wa kadafi kando ya barabara, kwa sababu pesa inaingia kidogo kidogo. Sikulaumu. Lakini jitahidi Jumamosi jioni, au kabla ya kuiacha pikipiki siku nyingi, lijae. Tangi lililojaa halina hewa ya kutoa jasho. Ukinunua kwenye chupa, ishike kwenye mwanga: maji yanajipanga chini kama kioo, na mstari kati yake na esansi unaonekana. Ukinunua kwenye bidoni, iache itulie, na kile kidogo cha mwisho chini usikimimine. Kwa miezi michache ongeza kifuniko kimoja cha oili ya stroki 2 kwenye kila tangi. Na kila baada ya mwezi, litoe tangi, liinamishe ili ule mguu usio na robine umwagikie kwenye wenye robine, utoe nusu glasi kwenye chupa nyeupe na uangalie.

Rangi ya nje usiiguse. Fundi wa rangi ataanza na msasa mpaka bati, na maandishi ya mzee yatakwenda. Osha kwa maji na sabuni, kausha, paka nta kidogo ya viatu isiyo na rangi, sugua kwa kitambaa cha pamba. Kwa AG iliyolala ndani ya depo, rangi nyingi bado iko chini ya vumbi. Fanya hivyo kwanza, usubiri siku moja, kisha usome tena yale maandishi ukiwa juani.